Anayetikisa Lenzi ni Nani

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza, na korongo wamerudi. Mama aliwaona kabla yangu. Alisimama mlangoni mswaki ukiwa mdomoni, akanyoosha kidole upande wa bwawa, akasema, "Wenye nyumba wamekuja." Kisha akaenda kutoa lenzi kabatini.

Naandika kwa sababu mume wangu amerudi kwenye malori ya masafa marefu, na sitaki kuzoea kuongea na masufuria. Mama ninayemtaja humu ni mama yake. Wangu mzazi ameshatangulia, kwa hiyo jina hilo lilikuwa wazi, naye akalichukua bila kuuliza.

Kila msimu wa mvua ofisi ya bwawa humpa Mama kazi ya kupiga picha korongo wanaotaga kwenye miti mikavu katikati ya maji. Si picha za kutundika ukutani. Baadhi ya ndege wamevalishwa pete miguuni, na pete zina herufi. Picha ikitoka safi, ofisi inasoma herufi na kujua nani amerudi na nani hakurudi. Ikitikisika kidogo tu, pete inakuwa doa, na hapo umepiga picha ya korongo, na korongo kila mtu anawajua.

Mimi nabeba stendi ya miguu mitatu, begi na mwavuli. Mgongoni namfunga binti yangu. Mama alimpa jina la Bosi wiki aliyozaliwa, kwa sababu alikuja tu na watu wazima wote wakaacha shughuli zao kumsikiliza.

Jumanne, 4 Machi

Mvua kutwa. Hatukutoka. Nepi zimetundikwa mpaka kwenye kitasa cha mlango.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya kwanza kibandani. Ni chumba cha mbao juu ya nguzo, ukingoni mwa maji, chenye dirisha refu jembamba la kutolea lenzi. Kila kitu kinanuka ukungu. Mama alipiga picha asubuhi yote, na tulipotazama kwenye skrini, hakuna pete iliyosomeka hata moja.

"Bosi anarusha miguu," Mama akasema. "Mbao zinacheza."

"Amelala, Mama."

"Basi wewe unapumua sana."

Tukacheka. Mimi nilicheka zaidi.

Jumapili, 9 Machi

Tena. Picha zote zimetikisika. Leo Mama hakutania. Alisema nitoke nje na mtoto, nisimame ukingoni mpaka amalize. Nilitoka. Mvua ilikuwa nyepesi lakini ilikuwa mvua.

Jumatano, 12 Machi

Nimekaa nje asubuhi nzima chini ya mwavuli, Bosi mgongoni, miguu yangu kwenye matope. Kibandani hakukuwa na mtu ila Mama. Aliponiita niangalie, picha zilikuwa vilevile.

Nilijisikia vibaya kwamba moyoni nilifurahi. Angalau leo si mwanangu.

"Ni stendi," Mama akasema. "Hii stendi imezeeka."

Ijumaa, 14 Machi

Bosi anakohoa. Na bwana wa ofisi ya bwawa alikuja nyumbani, viatu vyake safi katika msimu huu, sijui anapita wapi. Aliongea kwa adabu zote, na ndizo zilizonitia hofu.

"Mama, ofisi inakuheshimu. Lakini mpaka sasa hatuna pete hata moja. Kuna mtu mwingine anaiomba hii kazi, na vifaa vyake anavyo."

"Nimewapigia picha hawa ndege tangu wewe unavaa kaptula," Mama akamwambia.

"Najua, Mama."

"Kama unajua, unataka nini?"

Akatazama chini. Alisema wataangalia kazi mpaka mwisho wa Aprili, halafu waamue. Alipoondoka Mama akabaki mezani, mikono yake miwili chini ya meza. Si mtu wa kuogopa huyu mwanamke. Alimlea mwanawe peke yake kwa kamera, watu wakimwambia atafute kazi ya kike. Ukimnyang'anya lile dirisha la kibandani sijui atakaa wapi duniani.

Jumapili, 16 Machi

Amekuja Bwana Harusi. Watu humwita hivyo kwa sababu amepiga picha harusi za nusu ya mji huu, na yake mwenyewe haijatokea. Mama alimwita aikague stendi.

Aliifungua, akaivuta miguu yote, akaweka kiganja juu na kuisokota kama anayekamua nguo. Stendi ikalia.

"Shangazi, hii ni ya kamera ya kupigia keki," akasema. "Umeibebesha mzinga."

"Imenitumikia miaka."

"Imekuvumilia. Ona, nguzo ya katikati umeipandisha mpaka mwisho. Hapo huna miguu mitatu tena, una mguu mmoja uliosimama juu ya mitatu. Na hiki kichwa cha gololi, hapa juu lenzi inapokaa, ukikifunga, lenzi inainama pua polepole kama mzee anayesinzia. Si kweli?"

Kweli kabisa. Nimeiona hiyo pua ikishuka mara nyingi.

Alitufundisha namna ya kuchagua. Tusisome maandishi ya kwenye boksi, kila boksi linajisifu. Tuivute yote, tuielemee kwa uzito wetu, tuone kama miguu inapinda. Miguu minene yenye vipande vichache ni bora kuliko myembamba yenye vipande vingi. Isiwe na nguzo ya katikati kabisa. Halafu tufunge lenzi, tuigonge kwa kidole, tutazame kwenye skrini picha inatulia baada ya muda gani.

"Kama mke," akamalizia. "Usiulize kama anakasirika. Uliza anatulia lini."

"Ndiyo maana hujaoa," Mama akamjibu. Nyumba ikacheka, hata Bosi.

Alhamisi, 20 Machi

Tumepata stendi mpya. Miguu yake minene kama ya kitanda cha zamani, nyeusi, ya kaboni. Niliielemea kwa tumbo langu lote na haikusogea. Kichwa bado ni kile cha gololi, kwa sababu dukani walikuwa wakisubiri mzigo. Bega langu la kulia lina alama nyekundu.

Jumamosi, 22 Machi

Picha zimetikisika.

Jumatatu, 24 Machi

Zimetikisika. "Ni kichwa," anasema Mama. "Kichwa hicho ndicho adui." Nilirudishwa nje kwenye mvua na mtoto mwenye kikohozi. Nilimwambia kwa upole kwamba safari ijayo kama mvua itakuwa kubwa Bosi atakaa ndani ya kibanda au hatutakwenda. Alinikata jicho. Sikuondoa langu.

Alhamisi, 27 Machi

Leo nimejua, na ningeweza kulipa nisijue.

Mvua ilikuwa kubwa, kwa hiyo tulikuwa kibandani wote watatu. Bwana wa ofisi alipita njiani na mwavuli wake, Mama akatoka kumsalimia, nadhani kumwonyesha kwamba yupo kazini. Lenzi ilikuwa imeelekezwa kwenye kiota cha chini, ambako korongo jike amesimama na mguu wa pete mbele. Begini kuna rimoti ndogo ya kubonyezea kamera bila kuigusa. Mama haitumii, anasema ni ya wavivu. Sijui nini kilinituma. Nilisubiri pua ya lenzi iache kushuka, nikatoa mikono yangu, nikabonyeza.

Nikakuza picha kwenye skrini. Herufi zote zikasomeka. Hata tope kwenye pete lilionekana.

Bosi alikuwa mgongoni kwangu, akirusha miguu na kupiga kelele. Mbao zilikuwa zilezile. Stendi ileile na kichwa kilekile, adui wetu.

Mama akarudi, akasimama nyuma ya kamera, akashika lenzi. Ndege yuleyule, hajasogea. Safari hii sikutazama maji, nilitazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa unatetemeka. Si sana. Kama bomba la maji linapokaribia kutoa maji. Alibonyeza, akatazama picha, akasonya.

Nikakumbuka mambo ambayo nimekuwa nikiyapita bila kuyaona. Kucha za Bosi alikuwa akizikata yeye tangu mtoto ana wiki, tena kwa madaha, na tangu mwaka mpya ananiambia, "Kata mwenyewe, macho yangu." Macho yake! Anamwona korongo kutoka mlangoni na mswaki mdomoni. Siku hizi mtoto anampokea akiwa ameshakaa tu. Na vifungo vya koti lake la mvua huviacha wazi, eti joto.

Ile picha yangu safi niliifuta kabla hajaiona. Ofisi inatafuta pete kwa tochi na mimi nimeifuta. Lakini angeuliza imepigwaje.

Jumapili, 30 Machi

Mume wangu alipiga simu kutoka njiani. Nilimwambia mkono wa mama yake unatetemeka.

"Mama? Mama hajawahi kuumwa hata mafua. Amechoka tu huyo."

"Si uchovu. Nimeuangalia."

"Sasa wewe umekuwa daktari? Usimtie maneno kichwani. Ukimwambia hivyo ndiyo ataumwa."

Nikamwambia sawa. Si kwa kukubali. Kuna mazungumzo ambayo mtu aliye mbali hayawezi.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Kikohozi cha Bosi kimepungua. Mama ameuosha mwavuli kwa sabuni, sijui kwa nini.

Jumamosi, 5 Aprili

Mzigo wa vichwa umefika dukani, tukaenda. Nataka kuandika yote.

Duka ni dogo, lina kabati za vioo na taa kali. Muuzaji ni mwanamke wa rika langu, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Aliweka vichwa viwili juu ya meza. Tulikuja na lenzi na stendi yetu, tukafunga kimoja baada ya kingine.

Cha kwanza ni kichwa cha bembea. Kina mkono ulioinuka pembeni kama mpini wa ndoo, na lenzi inaning'inia humo. Ukiipanga vizuri isizidi uzito mbele wala nyuma, inaelea. Ukiisukuma kwa kidole kimoja inakwenda, ukiiachia inabaki ulipoiacha. Mama aliishika na uso wake wote ukafunguka. Sijamwona hivyo msimu huu.

"Hiki," akasema. "Hiki ni kama huna mzigo."

Cha pili ni kichwa cha mafuta. Ndani yake kuna mafuta mazito, na ukisogeza lenzi unahisi inakuzuia, kama kijiko kwenye asali. Kina gurudumu la kuongeza au kupunguza uzito huo. Nilikikaza hadi katikati, nikatikisa mpini wake wa kuelekezea kwa makusudi, kidogokidogo, haraka, kama nilivyoona mkono wa Mama ukifanya. Muuzaji alidhani nacheza. Kwenye skrini picha haikusogea. Mafuta yalimeza mtikisiko wote. Nikarudi kwenye bembea, nikafanya vilevile, na picha ikacheza kama moto wa mshumaa. Kinaelea, ndiyo, lakini kila unachokipa kinakipeleka kwenye lenzi kama kilivyo.

"Mama, tuchukue hiki cha mafuta."

"Hicho ni cha watu wa video. Mimi nafuata ndege, simfuati bibi harusi anayeingia ukumbini."

"Ndege wetu wamekaa kwenye viota, Mama. Hawaendi popote."

"Wakiruka je?"

"Wakiruka pete haionekani hata hivyo. Hiki kinatuliza."

"Kinatuliza nini?"

Muuzaji alikuwa anatutazama, Bosi ananivuta nywele. Ningesema nini? Mama mkwe wako humwambii mbele ya mtu wa dukani kwamba mkono wake haumtii. Nikasema, "Kinatuliza lenzi."

"Lenzi haina wazimu," akasema Mama. "Inahitaji uhuru tu."

Lakini alikuwa ameelewa. Nilijua kwa sababu aliuingiza mkono wa kulia mfukoni, na akalipia kwa mkono wa kushoto, polepole, akihangaika na pochi, na hakukubali nimsaidie. Muuzaji akatuambia tukiona hakitufai turudi nacho kabla ya mwisho wa mwezi, kisiwe na mkwaruzo.

Njiani nilibeba kichwa cha bembea kwenye boksi lake kama nabeba keki ya mtu niliyegombana naye.

Jumanne, 8 Aprili

Bembea ni mbaya kuliko gololi. Hakuna picha.

Alhamisi, 10 Aprili

Hakuna.

Jumamosi, 12 Aprili

Hakuna. Mama anasema ni upepo. Upepo haukuwepo. Maji yalikuwa yamelala kabisa, miti imeonekana ndani yake juu chini. Nikasema, "Ndiyo, Mama, upepo." Nimeanza kumdanganya kama ninavyomdanganya Bosi wakati wa dawa. Hilo linaniuma kuliko matope na kikohozi.

Alhamisi, 17 Aprili

Sijui nianzie wapi. Mtoto amelala sasa. Ana nundu juu ya sikio la kulia.

Mvua ilikuwa kubwa, tulikuwa ndani. Lenzi hukaa kwenye kichwa kwa kibamba cha chuma kinachoteleza ndani ya mfereji, halafu unakaza kifungio pembeni. Siku zote nakaza mimi. Leo Mama alisema, "Acha, nitakaza mwenyewe, mimi si mgeni." Nikaacha, kwa sababu nimechoka kubishana juu ya kila kitu. Alikisokota kwa mkono wake, nikaona vidole vinateleza, nikaona kabisa, nikanyamaza kwa heshima.

Akainua pua ya lenzi kuelekea kiota cha juu. Kibamba kikateleza. Lenzi na kamera vikatoka nyuma, vikiwa njiani kuelekea sakafuni.

Nilidaka. Sikufikiri. Nilijirusha mbele kwa mikono miwili, nikavidaka vyote kifuani, na niliponyanyuka kwa kasi nikasikia nyuma yangu sauti ambayo bado naisikia. Kichwa cha Bosi kwenye nguzo ya dirisha.

Kwanza hakulia. Alivuta pumzi, akavuta, akavuta, na mimi nimekumbatia lenzi. Mikono yangu ilikuwa imejaa lenzi na mtoto wangu nyuma hana mtu. Kisha akalia, na ndipo nikaiweka chini, nikamfungua, nikamtazama macho, nikambembeleza. Alinyonya. Alimtazama Mama. Yuko sawa, nadhani yuko sawa, nimemwangalia kutwa.

Mama alikuwa amesimama kwenye kona ameuficha mkono kwapani kama ameungua.

Nilisema bila kupandisha sauti. "Mama, mimi sitatoka tena na mtoto kuja hapa namna hii. Nakuheshimu, na nitakuheshimu mpaka kesho. Lakini leo nimedaka lenzi na kumwacha mwanangu. Sitaki kuwa mtu wa hivyo."

Akakaa kwenye benchi. Mvua ilikuwa inapiga bati, ilibidi nisogee nimsikie.

"Baba yangu alikuwa fundi cherehani," akasema. "Mkono wake ulianza hivihivi. Alibadilisha sindano. Akabadilisha uzi. Akabadilisha cherehani. Sisi watoto tulikuwa tunatumwa kila wiki kwenda kurudisha cherehani za watu."

"Umejua tangu lini, Mama?"

"Tangu kabla ya huyu kuzaliwa." Akamshika Bosi mguu kwa mkono wa kushoto. "Nilikutoa nje kwenye mvua na mtoto mchanga, na nilikuwa najua."

Tulikaa hivyo mpaka mvua ikapungua. Wakati nafunga vitu akasema, akiwa ametazama maji:

"Kesho nenda dukani. Kabadilishe."

"Nilete kipi?"

"Kile ulichosema."

Ijumaa, 18 Aprili

Nilikwenda na Bosi. Nundu imeshuka. Muuzaji alikipindua kichwa cha bembea kukagua mikwaruzo, akaleta kile cha mafuta, akaniuliza, "Mama mzee amekubali?" Nikasema amekubali. Nilipotoka nje nililia kidogo, kwenye ngazi za duka, nikiwa nimemkinga mtoto mvua.

Jumatano, 23 Aprili

Kichwa cha mafuta kimekazwa karibu mwisho. Mama anasukuma mpini kwa kiganja, hashiki kwa vidole. Mwanzoni alilalamika kwamba ni kama kuvuta ng'ombe asiyetaka kuondoka. Halafu tukakuza picha, na herufi zilikuwepo. Mama alizisoma kwa sauti, moja moja, kama anayesomeshwa. Kisha akamtazama Bosi na kusema, "Kumbe wewe hukuwa na kosa." Bosi anatafuna kamba ya begi.

Kuanzia leo kibamba nakaza mimi, na yeye anasubiri.

Jumatano, 30 Aprili

Bwana wa ofisi amepokea picha. Alisoma pete zote, akasema kazi ni ya Mama msimu huu mpaka vifaranga waruke. Hakusema kuhusu msimu ujao, na sisi hatukuuliza. Mama alimpa mkono wa kushoto. Yeye akadhani ni dharau, nilimwona.

Ijumaa, 2 Mei

Hospitali. Benchi refu, watu wengi, kila mtu ameshika mwavuli wake unaochuruzika. Daktari alimwambia Mama anyooshe mikono, achore mstari, afunge na kufungua vifungo. Alisema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Vidonge vitaupunguza kasi. Kuurudisha nyuma, hapana.

"Na lenzi?" Mama akauliza.

Daktari hakuelewa. Nikamweleza mimi. Akasema afanye anachoweza wakati anakiweza. Mama akamshukuru kama mtu anayeshukuru akinyimwa.

Jumamosi, 3 Mei

Nimempigia mume wangu. Nikasikia magari yanampita. Halafu akauliza, "Anakula?" Nikasema anakula.

Ijumaa, 9 Mei

Hata mafuta yana mwisho. Kusukuma mpini bado anaweza, ila kubonyeza ndiko kunakoharibu. Kidole kinapogusa kamera, kamera inaruka. Nilitoa ile rimoti begini bila kusema. Akaitazama.

"Ya wavivu," akasema.

"Mimi ndiye mvivu. Wewe elekeza, mimi nitabonyeza. Sema tu."

Kwa hiyo anaelekeza, jicho lake kwenye kioo cha kamera, na mimi nimekaa sakafuni na Bosi mapajani na rimoti mkononi. Anasema, "Sasa." Nabonyeza. "Sasa." Nabonyeza. Picha zinatoka nzuri sana. Anajua ndege atafanya nini kabla hajafanya. Mguu ukikaribia kunyanyuka kutoka kwenye vijiti, tayari ameshasema.

Jumatatu, 12 Mei

Sasa, sasa, sasa. Bosi ameanza kulisema pia, kwa namna yake. Mama alicheka mpaka akafuta macho.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua zinapungua. Maji yameshuka, vigogo vimeanza kuonekana. Vifaranga wanasimama ukingoni mwa viota na kupunga mabawa bila kwenda popote.

Jumamosi, 17 Mei

Leo nimefanya jambo, na sikulifanya kwa makusudi.

Nimekaa sakafuni wiki nzima nikitazama ndege kupitia ufa wa mbao, na nadhani macho yangu yamejifunza. Jike wa kiota cha chini aligeuka. Nikaona mguu utatoka. Nikabonyeza. Kisha Mama akasema, "Sasa," na nikabonyeza tena, lakini mguu ulikuwa umeshaingia ndani.

Kamera ile inalia ukibonyeza, mlio mdogo mkavu. Alisikia mlio kabla ya neno lake.

Hakugeuka. Nikasema, "Samahani, Mama, kidole kimeteleza."

"Hakikuteleza," akasema. Tukaendelea. Baadaye tulizitazama picha. Yangu ilikuwa na pete. Ya kwake ilikuwa na mgongo wa ndege. Aliitazama ya kwake kwanza, halafu yangu, akazima skrini.

Jumapili, 18 Mei

Hatukutoka. Mama alishinda chumbani, mlango wazi, amelala chali na viatu. Nilimpelekea chai, akaniambia niiweke.

Jumatatu, 19 Mei

Hakuna mvua. Nimefua kila kitu. Hakusema zaidi ya salamu.

Jumanne, 20 Mei

Asubuhi niliamka nikakuta kitanda chake kitupu na stendi haipo. Nilimfunga Bosi mgongoni, nikaenda nusu kukimbia mpaka bwawani.

Alikuwa ameketi kwenye benchi la kibandani, koti limefunguliwa, mikono mapajani, mmoja umeushika mwingine. Stendi ilikuwa imesimamishwa dirishani, kichwa juu yake, lenzi juu ya kichwa. Sijui alibebaje peke yake. Sijui ilimchukua muda gani kufungua kila mguu na kuukaza.

"Mama, ungeniamsha."

"Mlete Bosi hapa."

Nikamfungua mtoto, nikamweka kwenye mapaja yake, yeye akiwa ameshakaa. Nikasogea kwenye kamera niangalie kama iko sawa kabla ya kumwachia nafasi. Mama ni mrefu, mimi namfikia begani. Msimu wote nikitaka kuchungulia kwenye kioo nimekuwa nikisimama kwa vidole vya miguu kama mtoto kwenye kaunta. Leo nilijinyoosha kwa mazoea, na nikajikuta natazama juu ya kamera, kwenye maji matupu.

Nikashuka. Jicho langu likaingia moja kwa moja. Kiota cha chini kilikuwa katikati ya kioo, safi, na kifaranga mmoja amesimama ukingoni.

Nilitazama miguu ya stendi. Yote mitatu ilikuwa imefupishwa, sawasawa.

Nilipogeuka alikuwa amelipa dirisha mgongo, anamwonyesha Bosi bati la kibanda kama kuna kitu pale. Mkono ulikuwa ukitetemeka juu ya tumbo la mtoto, na mtoto ameushika kwa vidole vyake vyote.

"Kaza kichwa," akasema bila kugeuka. "Kimelegea upande wa kulia."

Hakikuwa kimelegea. Nikakikaza.